Nilinunua jezi namba 0: usajili wa Eagles wa 2024, tathmini baada ya bili kufika

Mwaka jana, kabla msimu haujaanza, nilitoa dola 130 kununua jezi ya mchezaji ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja kwa Eagles, timu ya mpira wa Kimarekani ya Philadelphia. Namba 0, mgongoni HUFF. Wenzangu kazini wote walikuwa wanaagiza namba 26 ya Saquon Barkley, mimi nikajiona mjanja. Mama yangu anauza mitumba Karume, Ilala, tangu sijaanza darasa la kwanza, na alinifundisha mapema: watu wakigombania nguo moja juu ya rundo, wewe pitisha mkono chini. Nikapitisha mkono chini.

Naandika haya Juni 2025. Nimechelewa kwa makusudi. Kusifia usajili siku ya kutambulishwa mchezaji ni sawa na kusifia kiatu ukiwa bado dukani, hujakivaa kwenye mvua.

Kwa ambaye hafuatilii mpira huu wa Kimarekani: hakuna klabu kununua mchezaji kwa klabu nyingine kama Simba na Yanga wanavyogombania mshambuliaji wa Kikongo. Mkataba ukiisha mwezi Machi mchezaji yuko huru, anakwenda kwa anayempa dau zuri. Ila mishahara yote ya timu ina kikomo, na kikomo ni kimoja kwa timu zote 32. Mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4. Mwenye timu hata awe na visima vya mafuta, hawezi kumwaga zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayepangia timu wachezaji yuko kama mama yangu mbele ya belo: mtaji ni huu, ongeza akili. Kwa Eagles mtu huyo ni Howie Roseman, na hapa namtathmini yeye kama ninavyotathmini duka.

Alianza na nyumba yenye matundu. Msimu wa 2023 Eagles walishinda mechi 10 kati ya 11 za mwanzo, halafu wakapoteza 6 kati ya 7 zilizofuata, wakamalizwa kule Tampa 32-9. Machi Jason Kelce, aliyekaa katikati ya safu ya mbele kwa misimu 13, akastaafu kwa machozi akiwa kavaa fulana isiyo na mikono. Fletcher Cox naye akaondoka. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee huku Upper Darby, pembeni ya Philadelphia, na kuna mzee mmoja pale ndiye aliyenifundisha mchezo huu kutoka sifuri. Mwaka 1960, Eagles walipowafunga Packers 17-13 na kuchukua ubingwa, alikuwa mtoto uwanjani. Usiku ule wa Tampa alizima televisheni mwenyewe na kuomba chai.

Basi Roseman akaingia sokoni. Barkley kwanza: miaka mitatu, dola milioni 37.75, na 26 kati ya hizo ni za uhakika. Mzee wangu akaguna. Kwake mkimbiaji, yaani yule anayekabidhiwa mpira akimbie nao, ni tairi, akifika miaka 27 ameshaisha nyuzi, na wewe unataka kumlipa kama mpya? Hakuwa peke yake. Ligi nzima ilikuwa imeshakubaliana kwamba wakimbiaji hawalipwi. Giants wa New York, waliokuwa naye miaka sita, mwaka mmoja kabla walimpa kotabaki wao (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) Daniel Jones dola milioni 160 kwa miaka minne, na Barkley wakamwacha aondoke. Kamera za televisheni ya HBO zilikuwa ofisini mwao wakati huo, zikamnasa mmiliki, John Mara, akimwambia meneja wake kwamba atapata shida kulala kama Saquon atakwenda Philadelphia.

Sijui kama alilala. Nawajua walalaji wengine ambao hawakulala, yaani sisi, tarehe 16 Septemba 2024. Tunaongoza dhidi ya Atlanta, zimebaki dakika mbili hivi, kotabaki wetu Jalen Hurts anamrushia Barkley mpira mwepesi wa kumaliza mchezo, hana mtu karibu, na Barkley anauangusha. Atlanta wakaja wakashinda 22-21. Mzee alinitazama tu. Hakusema neno, na wazee wakinyamaza ndiyo wanakusema.

Ila msimu ni mrefu. Oktoba 20 Barkley alirudi New Jersey kwa waajiri wake wa zamani akawakimbilia yadi 176, tukashinda 28-3. Alimaliza msimu wa kawaida na yadi 2,005. Ukijumlisha mechi za mtoano zikawa 2,504, na hakuna mwanadamu aliyewahi kufikisha hizo katika msimu mmoja wa ligi hii. Giants walimaliza na ushindi mechi 3, na Jones walishamwachia Novemba.

Watu wanasema Roseman alipata bahati. Mimi nasema alijua anampeleka wapi. Nguo ileile ukiitundika kwenye meza iliyopinda, gizani, haiuziki. Itundike mbele kwenye mwanga uone. Barkley alikuwa yuleyule New York, ila kule alikuwa anaguswa kabla hajapokea mpira vizuri. Huku mbele yake kuna Jordan Mailata, jitu la kilo 165, Msamoa aliyekulia Sydney akicheza ragbi, ambaye Eagles walimchagua wa 233 mwaka 2018 akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu. Kuna Lane Johnson. Kuna Cam Jurgens aliyerithi nafasi ya Kelce. Na kuna Mekhi Becton, ambaye Jets walimchukua wa 11 mwaka 2020, magoti yakamwangusha, akaonekana kama mzigo uliokwisha. Roseman akampa mwaka mmoja, kocha Jeff Stoutland akamhamisha nafasi ambayo hakuwahi kuicheza, na mwaka ukaisha ana pete ya ubingwa. Huo ndio mkono chini ya rundo. Mimi niliupitisha kwenye rundo lingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalioni, daftari. Mwaka wa kwanza Barkley alihesabiwa kwenye kikomo cha mishahara chini ya dola milioni 4. Umesoma sawasawa. Mkimbiaji bora duniani, na kwenye hesabu ya mwaka ule alikaa kama mchezaji wa akiba. Inawezekana kwa sababu kitita unachomlipa mchezaji siku ya kusaini unaruhusiwa kukigawa kwenye vitabu kwa miaka hadi mitano, hata kama mkataba wenyewe ni wa mitatu. Miaka ya ziada ni ya karatasi tu, mchezaji hatakuwepo, deni litakuwepo. Hela mkononi anaipata leo, hesabu inaandikwa kesho na keshokutwa. Yeyote aliyekulia uswahilini anaijua hiyo: unachukua unga na mafuta kwa Mangi, anaandika daftarini, mwisho wa mwezi mnaonana. Tofauti ni kwamba kikomo cha ligi kinapanda karibu kila mwaka. Mwaka huu 2025 kimefika milioni 279.2. Kwa hiyo deni la jana linalipwa na shilingi ya leo ambayo ni nyepesi. Roseman anakopa kuliko karibu wote, na mpaka sasa Mangi hajamfungia dirisha. Wenye roho nyepesi msijaribu nyumbani.

Zack Baun. Hapa nataka kukaa kidogo maana ndipo panaponiuma. Saints walimtumia pembeni na kwenye vikosi vya mateke kwa miaka minne. Eagles wakampa mwaka mmoja kwa dola milioni 3.5. Siku aliposajiliwa sikumbuki kama nilimaliza kusoma habari yake. Kocha mpya wa ulinzi, Vic Fangio, babu mwenye uso wa mtu aliyepoteza tiketi ya treni, akamtoa pembeni na kumweka katikati nyuma ya safu ya kwanza, asome mchezo na kukaba. Alikaba mara 151. Akachaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, akaudaka mpira wa Patrick Mahomes, kotabaki wa Kansas City.

Na dirisha hilohilo, Eagles walimpa Bryce Huff miaka mitatu kwa dola milioni 51.1. Ndiye wa jezi yangu. Nilikuwa na sababu zangu: akiwa Jets msimu wa 2023 aliwaangusha makotabaki mara 10, na alikuwa na miaka 26 tu. Nilimweleza mzee kwa takwimu, nikichora kwenye karatasi ya chati ya dawa (msimwambie msimamizi). Ila Jets walikuwa wakimwingiza kwa kazi moja, kukimbilia kotabaki. Fangio anataka mtu wa pembeni ajue pia kuzuia mbio na kushika nafasi yake. Huff alipata mara 2.5 msimu mzima (wawili wakiangusha pamoja kila mmoja huandikiwa nusu), mkono ukafanyiwa upasuaji Novemba, na siku ya Super Bowl hakuwa hata kwenye orodha ya wachezaji. Mimi nilikuwa nimemvaa. Sebule nzima ina 26, ina namba 1 ya Hurts, na mimi nimekaa kwenye kochi na sifuri mgongoni.

Machi mwaka huu Eagles walimwongezea Baun mkataba. Miaka mitatu, dola milioni 51. Bei ileile ya Huff, safari hii kwa mtu waliyemwona akifanya kazi.

Drafti nitaipitia haraka (si ile ya vizibo vya soda kijiweni, hii ni siku timu zinachagua vijana wa vyuo, aliyevurunda zaidi anatangulia). Shida ya Eagles ilikuwa mabeki wa pembeni waliozeeka. Quinyon Mitchell kutoka Toledo aliwafikia kwenye nafasi ya 22 bila wao kutoa kitu. Cooper DeJean wakampandia hadi nafasi ya 40 kwa kubadilishana na Washington. Wote wawili wakacheza kama wamezaliwa mle. Februari 9, New Orleans, kwenye Super Bowl, siku DeJean anatimiza miaka 22, aliunyaka mpira wa Mahomes akaurudisha yadi 38 hadi mwisho wa uwanja. Barkley naye kazaliwa tarehe hiyohiyo, alikuwa anatimiza 28. Mapumziko 24-0, mwisho 40-22. Mzee alilia, mimi nikajifanya naangalia simu. Mwaka huu sijaona kitu kizuri kama kile, na mimi nimeoa mwaka huu.

Gwaride lilikuwa Februari 14. Nilitoka zamu saa moja asubuhi nikaenda moja kwa moja Broad Street, baridi ya kukatia samaki. Nililivaa koti juu ya jezi na sikulifungua.

Kisha bili. Milton Williams, aliyemwangusha Mahomes mara mbili usiku ule, amekwenda Patriots kwa dola milioni 104 miaka minne. Josh Sweat, mara mbili na nusu, amekwenda Arizona kwa 76.4. Becton kaenda Chargers. Darius Slay kaachwa. Beki wetu Gardner-Johnson kapelekwa Houston, na hilo mimi silipendi mpaka leo, kwa sababu kelele zake ndizo zilikuwa chumvi ya safu ile ya nyuma. Kocha wa mashambulizi Kellen Moore kachukuliwa na Saints kuwa kocha mkuu. Barkley yeye kaongezewa miaka miwili kwa milioni 41.2, na hapo ndipo mzee kanirudia na hadithi ya tairi. Safari hii nimemsikiliza. Kumlipa mkimbiaji kwa anachoweza kufanya na kumlipa kwa alichokwisha kufanya ni biashara mbili tofauti, na Roseman niliyemsifu hapo juu huwa anafanya ile ya kwanza.

Kuondoka kwa wale wengine hakunisumbui sana. Ligi huwapa fidia ya nafasi za drafti waliopoteza wachezaji huru wa bei kubwa, na Roseman hupenda kuzihesabu kabla ya kuachia mtu. Watoto wa ulinzi wapo. Nampa nyota nne na nusu. Ile nusu mnajua ilipokwenda.

Huff amepelekwa San Francisco mwezi huu kwa kubadilishana na nafasi ya drafti ya mwakani yenye masharti. Anaungana tena na Robert Saleh, kocha wake wa zamani pale Jets, na sitashangaa akirudi kuwa mtu. Jezi nilimpa binamu aliyekuwa anasafiri kwenda Dar aniondolee machoni. Juzi mama kanipigia video yuko mezani, kaishika juu, kaigeuza mbele nyuma, kavuta mshono wa bega kwa vidole viwili kama anavyofanya siku zote.

"Kitambaa hiki kizuri, mwanangu. Huyu Huff ni nani?"

Nikamwambia ni mchezaji mmoja tu, kahama.

"Haya. Elfu kumi na tano naipata. Namba ingekuwa nyingine ningesema ishirini."