Ramani ya Kamianets-Podilskyi: Mto Umechorwa Vyema, Watawala Wamerukwa

Ramani hii ya ukutani niliinunua kwa shilingi 1,500 katika duka la vitabu vilivyotumika, katikati ya Nairobi, na kwa upande wa jiografia thamani yake inazidi bei hiyo. Inaonyesha Kamianets-Podilskyi, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ukraini, pamoja na mto Smotrych, unaouzunguka Mji Mkongwe karibu pande zote kabla ya kuelekea kusini na kumwaga maji yake katika mto Dniester. Mistari ya kontua imesongamana penye kuta za mawe ya chokaa za korongo, hata asiyewahi kufika huko anaelewa mara moja kwa nini mji ulijengwa pale: mto ndio handaki lake, na shingo nyembamba ya ardhi iliyobaki upande wa magharibi inalindwa na ngome.

Jedwali la tawala lililochapishwa chini ndilo halikuniridhisha. Linasema kwamba mji ulikuwa wa Poland hadi 1793, ulipochukuliwa na Urusi, na hivyo linaruka miaka 27 ya Waturuki. Agosti 1672 jeshi la Sultani Mehmed IV, akiwamo yeye mwenyewe, liliuzingira mji na kuuteka, na Poland haikurudishiwa hadi Mkataba wa Karlowitz wa Januari 1699. Ramani yenyewe inalikanusha jedwali lake, kwani kando ya Kanisa Kuu la Petro na Paulo imetia alama ya mnara, bila maelezo yoyote, nao ni mnara wa adhana uliojengwa kanisa lilipogeuzwa msikiti. Wapoland waliporejea hawakuubomoa. Mwaka 1756 sanamu ya Bikira Maria ilisimikwa juu yake. Mwanafunzi wetu anayejua kwamba Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus Desemba 1698, wiki chache tu kabla ya mkataba huo, angeufurahia sana mnara huu, na inasikitisha kwamba amenyimwa habari zake.

Miaka ya baadaye imeelezwa vya kutosha, isipokuwa mstari wa uvamizi wa Wajerumani wa 1941, ambao hauwataji Wayahudi 23,600 waliouawa hapo kwa siku chache mwezi Agosti mwaka huo. Huo si upungufu wa kusameheka.

Karatasi ni nzito na rangi hazijapauka. Mwalimu wa jiografia ainunue bila kusita. Wa historia aibandike ukutani baada tu ya kuliandika upya jedwali hilo.