Jina likipoa, nyimbo zibaki: DistroKid na CD Baby kwa msanii wa Dar

Enzi za kanda, msanii wa Bongo Fleva aliweza kumuuzia msambazaji wa Kariakoo albamu nzima kwa hela ya mara moja. Ngoma ikivuma, faida ya nakala zilizofuata haikuwa yake. Siku hizi anaweza kubaki na mali yake, ila kuna mtego mwingine: nyimbo zinaweza kutoweka mtandaoni wakati ule ule shoo zimekata na meneja hapokei simu.

DistroKid, kampuni inayopeleka nyimbo kwenye programu za kusikilizia muziki mtandaoni, inatoza kwa mwaka, dola ishirini na kitu kwa kifurushi cha chini. Unapakia nyimbo bila kikomo, na mapato ya Spotify, Apple Music na Boomplay yanakuja bila DistroKid kukata asilimia. Kwa aliye juu, anayeachia ngoma kila mwezi, bei hiyo haina mpinzani. Kasoro yake ni kwamba kifurushi cha chini hakiruhusu kuchagua tarehe ya kutoa wimbo. Anayetaka wimbo utoke Ijumaa sambamba na video, na auombee nafasi kwenye pleilisti za Spotify (maombi yanatakiwa walau siku 7 kabla), achukue kifurushi kinachofuata.

Tabu huanza jina likipoa. Ada isipolipwa, nyimbo zinaweza kuondolewa. Wengi hulipia kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu. Siku ya makato ikikuta hakuna salio, malipo yanagoma. Maonyo yanatumwa kwenye barua pepe iliyofunguliwa na prodyuza wa zamani, ambaye walishagombana. Mwenye wimbo anashtuka siku unaporudi mjini kwa video za TikTok na kupigwa kila harusi, kumbe sauti rasmi haipo. Anayevuna ni aliyeupakia tena bila ruhusa.

Kinga ipo, inaitwa Leave a Legacy: unalipa mara moja toleo libaki hata ada ikikatika. Ni dola 29 kwa wimbo mmoja, 49 kwa albamu. Hapa piga hesabu vizuri. Nyimbo 40 zilizotoka moja moja ni dola 1,160. Nyimbo hizo hizo zikikusanywa kwenye albamu 4 za mkusanyiko ni dola 196. Tofauti hiyo ni hela ya kurekodi ngoma nyingine kadhaa.

CD Baby, kampuni nyingine ya kazi hiyo hiyo, inakwenda kinyume: ada ya kuingiza kila toleo mara moja, kisha inachukua asilimia 9 ya mapato, hakuna cha kila mwaka. Ukiacha ada ya kuingiza, anayepata chini ya dola 277 kwa mwaka anakatwa kidogo kuliko ada ya DistroKid ya kama dola 25 kwa mwaka. Na tangu 2024 Spotify hailipi rekodi ambayo haijasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hiyo wimbo uliolala hauingizi kitu huko. Kwa msanii aliyepotea kwenye gemu, CD Baby ndiyo chaguo letu, hata kama wanaomshauri ni vijana wanaoisifia DistroKid.

Kuhama kunataka subira. Kila rekodi ina ISRC, namba ya utambulisho wake yenye herufi na tarakimu, jumla 12. Inakili kutoka akaunti ya zamani, pakia faili lile lile la WAV, jina lile lile, urefu ule ule, kisha subiri matoleo yote mawili yaonekane ndipo ufute la kwanza. Ukikubali ISRC mpya, hesabu ya wasikilizaji inaanza sifuri na wimbo unatoka kwenye pleilisti za watu. Hilo ndilo kosa linalouma kuliko yote, na halirekebishiki kirahisi.

Mengine ni madogo. Kava iwe pikseli 3,000 kwa 3,000, bila namba ya simu ya kuwekea shoo. Mazoea hayo ya Dar yanakataliwa kila mara. Jina la msanii liandikwe namna moja, la sivyo unafunguliwa kurasa mbili.

Kulinda sauti YouTube kupitia DistroKid kuna ada ya ziada kwa mwaka na asilimia 20 ya kinachopatikana huko. Usiiwashe kama biti ni ya kukodi mtandaoni: wengine nao wameikodi, mfumo utaanza kudai video zao, na malalamiko yatakurudia wewe.

Kodi nayo: jaza mapema W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wasio raia wake. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo sehemu ya mapato iliyotokana na wasikilizaji wa Marekani hukatwa asilimia 30. Wa Mwanza na Nairobi hawahusiki na makato hayo.