Picha za Nebula ya Orioni: Ununue Kifaa Gani Kwanza?

Usiku wa Desemba hadi Februari, Nebula ya Orioni hupita karibu utosini kwa aliye Dar es Salaam. Ni wingu la gesi umbali wa miaka-nuru 1,350 hivi, na nyota zinazaliwa humo hadi leo. Nyota changa zenye joto kali huifanya haidrojeni ya humo ing'ae kwa mwanga mwekundu wa nanomita 656. Jicho haliuoni wekundu huo vizuri. Kamera huuona ikiikazia nebula kwa dakika nyingi. Basi dukani usiulize darubini inakuza mara ngapi. Uliza kama inafuata mwendo wa anga.

Namba moja kwangu ni Seestar S50 ya kampuni ya ZWO, darubini inayoendeshwa kwa simu. Kipenyo chake ni milimita 50 tu, uzito kilo 2.5. Inajitafutia nebula, inapiga picha za sekunde 10 na kuzirundika kuwa moja. Ina kichujio cha ndani kinachopitisha mwanga wa haidrojeni na oksijeni, kwa hiyo hata mjini unapata kitu kizuri. Tena haidai uilenge ncha ya anga, yaani pale nyota zote zinapoonekana kuzunguka, na kwetu hilo ni jambo kubwa mno: ncha ya kusini iko nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo wa macho ukiwa Dar, na Nairobi kama nyuzi 1, nyuma ya nyumba na miti. Ila nebula ikifika utosini kabisa, mota hushindwa kuifuata. Ipige kabla haijafika huko, au ikishapita.

Namba mbili: kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 135, juu ya mota ya kufuata nyota. Picha ni pana na tamu, lakini hapo ncha ya anga utaitafuta, na kamera ya kawaida hukata sehemu kubwa ya wekundu ule.

Tatu, darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 80 kwenye kitako cha ikweta, yaani kinacholengwa ncha ya anga kisha kikazunguka pamoja na nyota. Hutoa picha bora kuliko zote hizi, kwa pesa na uvumilivu mwingi.

Darubini za bei rahisi zenye miguu inayotikisika, ziache kabisa.

Ukiipenda zaidi Nebula ya Carina, yenye upana wa nyuzi 2 hivi, chukua Seestar S30, inayoona eneo pana zaidi. Aprili ndipo Carina inapokuwa juu jioni, nayo ni masika. Ngoja Juni, giza likiingia tu, utazame kusini, ukielekea magharibi kidogo.