Nyota moja, na hata hiyo naitoa shingo upande

Doki yenyewe, kile kisanduku cha kuunganisha laptopu na skrini, kibodi na chaji kwa waya mmoja, ina matundu mangapi na inachaji kwa nguvu gani, hayo mtayasoma kwenye boksi. Mimi nataka kusema jinsi nilivyosimama mbele ya kaunta ya vioo katikati ya jiji la Nairobi, kifaa changu kikiwa kwenye kikapu, nikaambiwa na kijana ambaye hakunyoosha hata mkono kukipokea: "Mathe, hii umeiharibu mwenyewe."

Hakukigusa wala hakuuliza kina shida gani. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo.

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea. Natunza hesabu za wenye biashara ndogondogo, wengi wao huku Eastlands: hadwea, duka la mikate, bwana mmoja mwenye malori mawili. Kazi yangu haiendi bila skrini mbili. Kushoto naweka taarifa ya benki, kulia kitabu cha hesabu, na skrini ya laptopu yenyewe naiachia iTax, tovuti ya serikali ya kuwasilishia kodi. Macho yanakwenda kushoto na kulia kutwa nzima, na mkono hauondoki kwenye kibodi. Anayeifanya kazi hii ananielewa.

Ndiyo maana miezi kama minane kabla ya kisa hiki nilikwenda upande wa barabara ya Luthuli, kwenye moja ya yale maduka ya eksibisheni, nikanunua doki ya mtumba iliyotoka Uingereza. Shilingi 14,500, waranti ya duka mwaka mmoja. Kijana yuleyule aliniambia, "Hii ni kuchomeka tu. Waya mmoja, kila kitu." Na kusema kweli, miezi yote hiyo ilikuwa hivyo. Nikirudi kutoka kwa wateja nachomeka waya mmoja, skrini mbili zinawaka, kibodi na mausi vinaamka, laptopu inachaji. Ule msitu wa nyaya uliokuwa mezani kwangu ukaisha. Niliwaambia wenzangu wawili wakanunue hapohapo, na wakanunua. Kwa hiyo msinione kama mtu aliyekuja na chuki yake.

Kisha ikaja habari ya Windows. Microsoft walikuwa wametangaza kwamba usaidizi wa Windows 10 unakwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mimi laptopu yangu imejaa siri za hesabu za watu. Siwezi kukaa na mfumo usiozibwa matundu ya usalama. Nikangoja, nikaahirisha, mwishowe nikaenda kwa dada yangu South B kwenye intaneti ya fiba, kwa sababu gigabaiti zote zile kwa bando la simu ni kutupa pesa. Tukaiacha usiku kucha. Asubuhi laptopu ilikuwa na Windows 11, safi kabisa, faili zote ziko.

Nikarudi nyumbani Umoja, nikachomeka waya wangu.

Laptopu ikachaji. Taa ya kibodi ikawaka, mausi ikasogea. Skrini zote mbili zikafumbua jicho, zikaandika kwamba hazipati mawimbi, zikalala. Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima kila kitu ukutani, nikahesabu hadi 30, nikawasha. Jicho moja, maandishi yaleyale, giza. Nilifanya hivyo hadi kidole gumba kikaanza kuuma kwa kusukuma ile plagi.

Sasa mjue ilikuwa imebaki siku mbili tufike tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT. Ukichelewa, adhabu ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Nilikuwa na wateja watano ambao hawajakamilika. Nikajaribu kufanya kazi kwenye skrini ndogo ya laptopu, dirisha moja juu ya jingine, narukaruka kama panzi. Hesabu za hadwea zikakataa kulingana. Tofauti ilikuwa 6,300. Mhasibu akiona tofauti inayogawanyika kwa 9 anashuku moja kwa moja kuna tarakimu zimebadilishana nafasi, na kweli, 68,150 nilikuwa nimeiandika 61,850. Kosa hilo sijalifanya kwa miaka. Nilikaa nikaliangalia, machozi yakanilengalenga.

Kesho yake asubuhi nikapanda matatu kwenda mjini na doki yangu.

Nilimsalimia yule kijana vizuri. Nikamweleza: imefanya kazi vizuri, nimepandisha mfumo, sasa skrini hazionyeshi. Ndipo akasema hilo neno lake. Nikamuuliza, "Kijana, umejuaje bila kuitazama?" Akaniangalia kuanzia viatu hadi kilemba, akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya kusikika: "Wanaapdeti ovyo halafu wanatuletea." Wanaapdeti! Nimesimama hapo mbele yake, nimegeuka "wa-". Kulikuwa na wateja wengine wawili pale. Mmoja alitazama chini kwa haya, haya ambayo kijana hakuwa nayo.

Baadaye akasema basi ni kebo, kebo yangu haibebi picha, akatoa nyingine kwenye droo. Shilingi 2,500. Nikalipa kwa M-Pesa kwa sababu tarehe 20 haikuwa na muda wa kunisubiri. Saa nzima ya foleni Jogoo Road, nikafika, nikachomeka. Giza.

Hapa nimtendee haki kidogo, maana nilikuja kujua baadaye: suala la kebo si uongo mtupu. Kuna doki ambazo picha inatoka moja kwa moja kwenye laptopu kupitia tundu la USB-C, na kwa hizo kebo ya kuchajia tu inaweza kupeleka umeme na kibodi lakini isipeleke picha. Angekuwa anazungumzia doki ya namna hiyo, ningemshukuru. Lakini yangu si ya namna hiyo, na angesoma lebo yake ya kiwandani angeona.

Nilipompigia simu alinijibu hivi: "Basi ni laptopu yako. Kwani nani alikuambia uapdeti?" Akakata. Nilibaki nimeshika simu. Nina miaka 46, nimelea watoto watatu kwa kazi hii, na mtu ninayempa pesa zangu ananikatia simu.

Aliyeniokoa ni mtoto wa jirani, anasoma chuo kikuu, alikuja jioni kuomba pasi ya nguo. Aliniona uso akauliza, "Anti, kuna nini?" Nikamwambia. Akaacha pasi. Akauliza maswali ambayo ningeulizwa asubuhi: nini kinafanya kazi na nini hakifanyi? Ilianza kabla au baada ya kupandisha mfumo? Na hapa nyumbani unatumia intaneti gani? Kisha akaichukua doki akaigeuza tumbo juu.

Chini kulikuwa na stika ya waranti ya duka, kubwa kama kiganja cha mtoto, imeandikwa kwamba ikibanduliwa waranti imekufa. Na pembeni yake, kama kipande cha kucha, ukingo wa lebo nyingine ukichungulia. Duka lilikuwa limebandika karatasi yake juu ya lebo ya kiwandani.

Tulitazamana. Nikamwambia, bandua. Tukaweka birika jikoni, tukailainisha kwa mvuke wa pembeni, tena kwa uangalifu maji yasiingie, akaivuta polepole kwa ncha ya kisu. Chini yake kulikuwa na neno moja dogo: DisplayLink.

Akanieleza, na nawapa kama alivyonipa. Doki za aina hii hazipokei picha iliyo tayari. Laptopu yenyewe ndiyo inayoibana picha kwa programu, inaipitisha kwenye USB kama data nyingine, na chipu iliyo ndani ya doki inaifungua na kuipeleka kwenye skrini. Ndiyo sababu kibodi, mausi na chaji havikusumbuka: hivyo havihitaji programu ya pekee. Skrini zinaihitaji. Bila programu hiyo, yaani draiva, doki nzima ni hai isipokuwa macho.

Na kwa nini draiva haikujileta yenyewe? Kwa kawaida Windows huitafuta na kuipakua kimyakimya. Lakini mimi nyumbani natumia intaneti ya simu, na zamani nilikuwa nimeiambia Windows kwamba mtandao huu ni wa kupimwa ili isinimalizie bando. Ukiweka hivyo, haipakui draiva za vifaa mpaka uiruhusu. Mfumo nilipandishia South B, doki ilikuwa Umoja. Hawakukutana kwenye intaneti iliyo wazi hata mara moja. Sehemu hiyo ni yangu, naikubali. Lakini ni jambo la swali moja tu, "unatumia intaneti gani?", na mtoto wa chuo aliyekuja kuomba pasi tu aliliuliza.

Akaondoa masalia ya draiva ya zamani, akawasha laptopu upya, akapakua mpya kutoka tovuti ya Synaptics, ambao ndio wenye teknolojia hiyo tangu 2020. Ilipokuwa ikijisakinisha skrini ya laptopu ilizimika ghafla na moyo wangu ukaruka. Ikarudi. Halafu ya kushoto ikawaka. Halafu ya kulia. Nilimkumbatia huyo mtoto hadi akaona haya. Kazi yote haikufika nusu saa.

Kulikuwa na kero moja zaidi siku zilizofuata: laptopu ikilala kisha ikaamka, skrini ya kulia ilibaki imezima. Tukaingia kwenye mipangilio ya umeme, tukaizuia Windows isikate umeme wa USB ili kuokoa betri. Imetulia. Feni ya laptopu inavuma zaidi kidogo kuliko zamani nikifungua madirisha mengi, lakini hilo nalivumilia, maana kubana picha ni kazi.

Ritani ya tano niliituma usiku wa tarehe 20, saa tano kasoro. Hakuna mteja wangu aliyetozwa adhabu.

Kwa hiyo doki ni nzuri. Nilikuwa nimeanza na nyota moja, lakini nikiwa mkweli kifaa chenyewe kinastahili nne, na leo hii naandika nikiwa nakitumia. Nilifikiri nimalizie hapo kwa amani.

Ila nilirudi dukani kurudisha ile kebo. Nilimkuta mwenye duka mwenyewe, mama wa makamo, mpole. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole sana mama," akanirudishia shilingi 2,500 zangu kwenye simu palepale, ingawa nyuma yake kuna kile kibao cha kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Nikaona, haya, na duka nilipe nyota tatu. Nikamwambia pia juu ya stika, kwamba Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu, na habari hizo wao wamezifunika kwa gundi. Akaitikia kwa kichwa. Akasema atawaambia vijana.

Kijana mwenyewe alikuwa pembeni na simu yake, hakuinua uso. Sikutaka anipigie magoti. "Pole, anti" ingetosha. Nilipokuwa naweka simu mkobani nikaona kwenye rafu ya chini doki nne mfano wa yangu, nikamwomba mama anipe moja niitazame. Nikaigeuza. Stika ilikuwa mahali palepale. Nikageuza ya pili. Palepale.

Tatu zikarudi kuwa moja, na moja hiyo ni ya yule mama. Ukienda kununua huko, mwambie akubandulie stika kabla hujalipa, na aibandike mahali pengine mbele ya macho yako.