TAHADHARI: malagan "za kale" za New Ireland zinazouzwa mtandaoni

Wakusanyaji wa vinyago vya Melanesia, hasa mlio Ulaya na Marekani mnaonunua kwenye minada ya mtandaoni, kaeni chonjo. Kuna wauzaji wanaonadi malagan, yaani vinyago vya mbao vya sherehe za msiba vya kisiwa cha New Ireland, Papua New Guinea, kwa maelezo yaleyale: ya kabla ya 1914, mirathi ya mmisionari Mjerumani, "imetumika vizazi vitatu". Na eti kuna mteja mwingine anasubiri, kwa hiyo utume hela leo.

Hilo la vizazi vitatu peke yake linamuumbua muuzaji. Malagan huchongwa kwa ajili ya sherehe za kuhitimisha msiba. Ikishaonyeshwa, kazi yake imekwisha: ilichomwa, iliachwa ioze, au iliuzwa kwa wazungu walipoanza kununua. Kinachorithiwa ni haki ya kuchonga umbo lile, si kinyago chenyewe. Sasa mng'ao wa kushikwashikwa umetoka wapi? Mara nyingi ni kiwi ya viatu, ileile inayogeuza mti wowote kuwa "mpingo" kwenye vibanda vya watalii huku kwetu. Rangi za kweli, yaani chokaa, udongo mwekundu na masizi, hukaa kavu kama vumbi. Ukiona buluu usikurupuke kukataa. Buluu ya kufulia ilitumika tangu enzi Wajerumani walipotawala kisiwa hicho.

Macho ndiyo yanayowashinda waigaji. Ya asili ni kifuniko cha konokono wa baharini aina ya Turbo, kilichobinuka, chenye kijani katikati kinachofifia taratibu kuelekea pembeni. Bandia ni gololi au shanga ya plastiki. Mulika ukingo wa jicho kwa tochi ya kukagulia noti: gundi ya epoksi mara nyingi hung'aa buluu nyeupe.

Matundu ya wadudu nayo yatazame kwa lenzi. Mdudu hutoboa kwa pembe tofauti na njia yake hupinda ndani ya mti. Matundu yaliyonyooka, ya kina kimoja, yaliyotapakaa hata palipochongwa juzi, ni ya keekee.

Lebo ya karatasi haithibitishi kitu. Tena nyingine zinachekesha: Mjerumani wa 1905 angeandika Neu-Mecklenburg, jina la New Ireland wakati huo, na jina "Papua New Guinea" halikuwapo kabisa.

Kabla ya kulipa, dai picha mpya za mgongo, kitako, macho yote mawili na ndani ya matobo, pembeni kukiwa na futi na karatasi yenye tarehe ya leo. Kisha tafuta picha za tangazo kwa utafutaji wa picha; nyingi zimeibwa kwenye katalogi za minada. Anayekataa kutuma, achana naye.

Kama kinyago kimetoka Papua New Guinea karibuni, dai kibali cha Makumbusho ya Taifa ya Port Moresby; sheria ya kulinda mali za utamaduni ipo tangu 1965. Ukipewa na kapkap (pambo la mwilini la duara la kombe) kama "zawadi", kumbuka urembo wake ni gamba la kasa, lililo Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Forodha wakilikamata, msala ni wako.

Usilipe kwa njia ya "kumtumia rafiki", maana haina kinga ya mnunuzi. Uliyekwisha kulipa kwa kadi, fungua malalamiko benki sasa hivi, hifadhi ujumbe na tangazo lenyewe kabla halijafutwa, na usirudishe kinyago bila namba ya kufuatilia mzigo.