Steshenari ya Msabato, Majengo Moshi: kazi safi, Jumamosi usijisumbue

Kopi Sh100, kuprinti kwa rangi Sh500, kulaminisha Sh1,000. Bei za kawaida tu, kwa hiyo si bei inayonipeleka pale. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama, kila mwezi nina karatasi za kutoa kopi, na kwa huyu kaka hazitoki na madoa wala kurasa hazipishani.

Ukutani ametundika leseni ya biashara, cheti cha TIN (namba ya mlipakodi) na, katikati yao, ibara ya 19 ya Katiba, ile ya uhuru wa imani, kailaminisha kabisa. Na anaishi hivyo. Ijumaa saa kumi na moja jioni anaanza kuzima mashine. Jua likizama na simu haipatikani, mpaka Jumamosi jioni. Hata uje unalia. Mwanangu alipokuwa anaomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, siku za mwishomwisho, nilimkuta huyu kaka anafunga duka. "Mama, nisamehe. Njoo Jumapili saa moja asubuhi." Jumapili saa moja! Mimi Mlutheri wa KKKT, niko ibada ya kwanza. Tukakubaliana saa nne, na fomu ilikwenda vizuri.

Kwa nini simwoni mtu wa visingizio? Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, yeye yuko kanisani. Basi Alhamisi ya wiki hiyo utamkuta kakunja suruali, yumo mtaroni na koleo, anazibua mbele ya duka lake mpaka kwa jirani yake muuza mkaa. Mwenyekiti wa mtaa hana neno naye. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anakupa hata hujaidai, wakati kuna waimba kwaya wenzangu mashine zao za risiti ni mbovu mwaka mzima. Siku moja kijana alileta cheti cha kuzaliwa apunguziwe miaka miwili kwenye kompyuta, akaweka elfu ishirini mezani. "Mdogo wangu, mambo ya vyeti nenda RITA wanakovitoa." Akamsogezea hela yake, akaendelea kufungua rimu.

Huwa namtania kuhusu uchaguzi. Mwaka 2015 tulipiga kura Jumapili, 25 Oktoba, nikatoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye foleni; 2020 ikawa Jumatano. Je, siku wakiweka Jumamosi? "Nitaandika barua kuomba wabadili, mama. Wasipobadili, kura itanipita. Kodi haitanipita."

Kasoro: intaneti yake mchana inakokota, benchi la kusubiria ni la watu wawili wembamba, na mlangoni hakuna kibao cha saa za kazi. Mtu anapanda daladala toka Himo Jumamosi anakutana na kufuli, hiyo si haki.

Nyota nne. Ukiwa na barua ya haraka Jumamosi, nenda zile steshenari za karibu na stendi, ila hesabu kurasa zako kabla hujaondoka.