St. Augustine kwa mfuko mwepesi: tikiti gani ununue kwanza na ipi uwache

Wenzangu mlioko Jacksonville, Orlando na huko juu Georgia, kila shule zikifunga swali ni lile lile, tuwapeleke watoto wapi pahali pa maana bila kumaliza mshahara wote. Mimi jibu langu ni St. Augustine. Ni mji mdogo wa pwani ya Florida, kutoka Jacksonville ni mwendo wa kama saa moja tu kwa gari, Wahispania waliuanzisha 1565 na watu hawajawahi kuuhama tangu siku hiyo. Nshaenda mara nne. Mara ya kwanza nililiwa pesa vizuri sana, hizo tatu zilizofuata ndio nikawa na akili, na hii orodha imetoka kwenye hizo tatu.

Kwanza nieleze nilivyoliwa. Tumefika tu, hata gari halijapoa, tukakutana na kibanda cha tikiti na kijana mmoja mchangamfu, akatupangia kila kitu, basi la watalii siku mbili, majumba ya makumbusho mawili, na matembezi ya mizimu usiku, zote fungu moja "kwa bei ya punguzo". Tulikuwa watu wazima watatu na watoto wawili. Yaani ile bei ya wote watano mke wangu mpaka leo akitaka kunikera huitaja. Na basi lenyewe tulipanda mara moja tukazunguka, kushuka, kumbe kila kitu kiko karibu, kutoka lile Lango la Mji mpaka uwanja wa Plaza de la Constitución unapita St. George Street kwa miguu, gari haziruhusiwi, dakika kumi umefika hata ukiwa na mtoto anayesimama kila duka la aiskrimu. Kwa hivyo sheria yangu ya kwanza, usinunue fungu lolote kabla hujatembea saa moja bure.

Haya, sasa tikiti zenyewe, kuanzia ile inayostahili pesa yako.

Namba moja ni Castillo de San Marcos, ile ngome kubwa ukingoni mwa maji. Mtu mzima dola 15, watoto wa miaka 15 kushuka chini bure, na hiyo tikiti inakaa siku saba, kwa hivyo usiitupe, waweza kuingia leo asubuhi ukarudi kesho jioni jua likipoa. Ukiwa na ile pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa hulipi kitu, na inakuingizia watu wazima watatu wengine juu yako. Familia ya baba, mama na watoto watatu ni dola 30 kwa wiki nzima, nionyeshe pengine popote Florida.

Na si bei tu. Mara ya pili nilienda na mamamkwe aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Tumeingia, mama akaenda moja kwa moja kwenye ukuta akaupapasa, akanigeukia, "Mwanangu, hii si Fort Jesus hii?" Nikacheka, lakini nilivyokaa nikafikiri, mama hakukosea sana. Ngome yetu ni ya matumbawe, hii ni ya kokwina, jiwe lililojifanya lenyewe kwa magamba ya kombe na chaza yaliyogandamana, walilichimba kisiwa cha Anastasia hapo ng'ambo. Zote zina pembe nne zilizochomoza za kuwekea mizinga. Halafu kuna hili, Felipe wa pili ndiye aliyekuwa mfalme wa Uhispania mji huu ulipoanzishwa, na ni yeye huyo huyo aliyekuwa amechukua na taji la Ureno wakati Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus 1593. Yaani mzungu mmoja amekaa kwake huko Ulaya, anagusa Florida kwa mkono huu na Mombasa kwa mkono huu.

Ngome hii ya mawe walianza kuijenga 1672 wakamaliza 1695. Kabla yake walikuwa na ngome za mbao, na Francis Drake alikuja 1586 akauchoma mji wote. Ya mawe ndio ikawakomesha, 1702 Waingereza wa Carolina wakaja, watu kama 1,500 wakajifungia ndani karibu siku 50, mji nje ukateketea lakini ngome haikuanguka. Siri ni lile jiwe la magamba, ni laini, mzinga ukipiga halipasuki, risasi inadidimia tu kama kidole kwenye unga. Waulize wale askari wa hifadhi wakuelezee, hawalipishi, na wikendi mara nyingi wanapiga mzinga kwa kuonyesha. Mwanangu mdogo alilia, mkubwa alitaka tena.

Namba mbili, na wengi wenu hamjawahi kuisikia, ni Fort Mose. Iko kaskazini kidogo ya mji, kama maili mbili. Kutembea nje ni bure, jumba la makumbusho ni dola 2. Dola mbili jamani, soda ni ghali kuliko hiyo. Kama ningekuwa napanga kwa moyo badala ya mfuko hii ndio ingekuwa ya kwanza. Watu weusi waliokuwa watumwa wa Waingereza huko Carolina walikuwa wanatoroka, wanapita vinamasi na mito kwa miguu wakikimbilia kusini, kwa sababu mfalme wa Uhispania alitoa amri 1693 kwamba anayefika Florida akabatizwa Mkatoliki anaachwa huru. 1738 wakapewa kijiji na ngome yao wenyewe, kiongozi wa wanajeshi wao alikuwa Francisco Menéndez, mtu wa kabila la Wamandinka wa Afrika Magharibi. 1740 Waingereza wakaja wakaiteka, na hawa jamaa wakishirikiana na Wahispania wakarudi alfajiri wakawapiga vibaya. Uhispania ilipowapa Waingereza Florida 1763, watu wa Mose wakapanda majahazi wakaenda Cuba, hawakungoja kurudishwa utumwani. Ngome ya asili haipo, ilikuwa ya udongo na magogo, lakini 2025 wamefungua mfano wake uliojengwa upya, kwa hivyo watoto sasa wana kitu cha kuona kwa macho, zamani ilikuwa ni nyasi na mbu. Mbu bado wapo, bebeni dawa.

Namba tatu ni Fort Matanzas, kusini kama maili 15, na hii ni bure kabisa, pamoja na boti ya kukuvusha. Mimi nimeiweka ya tatu kwa sababu ya usumbufu tu, nafasi kwenye boti ni chache, anayewahi ndiye anayepanda, na kuna wakati boti haiendi kwa sababu ya hali ya hewa au gati kuharibika, kwa hivyo angalia kwenye tovuti yao asubuhi ile ile kabla hujachoma mafuta. Ngome yenyewe ni kijumba tu, walikijenga 1740 hadi 1742 kulinda mlango wa nyuma wa mji. Jina maana yake ni mauaji, kwa sababu ya Wafaransa zaidi ya 200 waliochinjwa ufukweni hapo 1565 baada ya merikebu zao kuvunjika. Watoto wadogo waambieni tu ni jina la mto.

Namba nne mnara wa taa, ule wenye mistari myeusi na myeupe, ulimalizwa 1874. Ngazi 219, juu kuna upepo na mandhari ya bahari yote. Ni mzuri lakini bei kwa familia inapanda haraka, na mtoto asiyefika inchi 44 haruhusiwi kupanda, mpime nyumbani kabla hujamuahidi. Ukiwa wewe peke yako na magoti mazima, nenda. Ukiwa na watoto wa nasari, piga picha kwa chini.

Namba tano ndio lile basi la watalii. Nimelisema vibaya hapo juu lakini ntakuwa muadilifu, kwa mtu mzima anayeumwa na miguu, au mwezi wa saba joto likiwa la kukaanga samaki, lina faida yake. Ile safari ya mamamkwe tulimnunulia yeye na mke wangu, mimi na watoto tukatembea, tukakutana mbele. Si lazima familia nzima mpande kitu kimoja.

Za mwisho, Fountain of Youth na ile mizimu ya usiku. Fountain of Youth ni bustani nzuri, kuna tausi, na wachimbaji wamepata kweli alama za kambi ya kwanza ya 1565, lakini wengi wanaolipa wanalipia yale maji ya ujana, na ntakwambia ukweli, nimekunywa, yananuka kiberiti na mvi zangu ziko pale pale. Mizimu sisi watu wa pwani tuna ya kwetu ya kutosha.

Sasa vya bure kabisa, hapa ndio mji unapokuwa rafiki. Kanisa kuu pale Plaza unaingia bure, unaacha sadaka ukipenda. Chuo cha Flagler kilikuwa hoteli ya matajiri iliyofunguliwa 1888, ziara ya ndani ni ya kulipa lakini ukumbi wa mbele unaruhusiwa kuchungulia, inua kichwa uone dari. Ile misheni ya Nombre de Dios ina msalaba wa chuma wa mita 63 na miti ya kivuli, pazuri kwa kula mlichobeba. Na tafadhali msiondoke bila kupita Lincolnville, mtaa walioanzisha watu walioachwa huru 1866. Tembea tu ukisoma vibao, hapo ndipo palipochacha 1964, Martin Luther King alikamatwa mji huu mwezi wa sita mwaka huo kwa kutaka kula kwenye mkahawa wa hoteli ya Wazungu tu, na siku chache baadaye mwenye hoteli akamwaga asidi kwenye bwawa la kuogelea watu weusi wakiwa ndani. Binti yangu alinyamaza mpaka tukafika garini.

Linalokula pesa kimya kimya ni paking. Jengo kubwa karibu na ngome linaweza kukutoa dola 15 na zaidi kwa siku, kwa hivyo jazeni gari moja badala ya kuja na mawili, na fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Kuegesha kwenye mitaa ya wenyeji kwa kubahatisha usijaribu, watakuvuta. Desemba taa za sherehe zinapendeza ila foleni inaanzia darajani, nenda siku ya katikati ya wiki. Chakula bebeni, sisi tulibeba chapati na kuku wa kukaanga kwenye boksi la barafu, mikahawa ya St. George Street bei yake juu, halafu uongeze kodi na bakshishi.

Pesa mtakayobakisha nunueni chupa ya pilipili ya datil, ndio pilipili ya mji huu, rangi ya manjano, kali lakini ina utamu kama wa tunda. Mamamkwe alionja tone moja akasema ni ndugu yake pilipili mbuzi, akabeba chupa tatu kwenda nazo Mombasa, na zilifika.